Kuku Tuliyempandisha Kirungu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananishika mkono na kuuliza: "Mama Mwalimu, ni kweli mulikula utafiti?"

Ni kweli. Tuliula, tena na chumvi.

Lakini nimechoka kusimulia vipandevipande. Kipande kimoja namwachia muuza mawese, kingine naacha mlangoni mwa kanisa baada ya mazoezi ya kwaya, halafu vinakutana huko mbele na kuzaa hadithi nyingine kabisa. Juzi mtu aliniambia kwamba nilizama ziwani nikaokolewa na kuku. Kwa hiyo naandika yote hapa, tangu mwanzo. Someni, mpitishiane.

Kwa wale ambao hawajui vizuri kazi yetu: mimi na Anto, yule msichana mrefu wa sauti ya pili anayecheka hata wakati wa matangazo, tulitumwa na kikundi chetu kuzunguka mkoa huu na kuuliza swali moja kwa njia nyingi. Nyumbani kunapokuwa na kupigana, mtoto anabaki na nini? Watu wengi husema, "Mutoto hajui kitu, alikuwa amelala." Sisi tulitaka kuwauliza watoto wenyewe, na mama zao, na baba zao pia. Majina ya watu nimeyabadilisha. Msijaribu kukisia, kwa sababu hata mkikisia vizuri nitakataa.

Katanika: neno nililokataa kulibeba

Tulianzia karibu, Katanika, kambi ya watu waliokimbia vita. Tulikaa chini ya turubai na watoto kumi na wawili, na karatasi, na kalamu za rangi ambazo Anto alikuwa amezigawa kwa haki hadi kalamu ya mwisho ya kijani ilipoleta ghasia. Tuliwaomba wachore nyumba yao wakati wa chakula cha jioni. Ni hayo tu. Mtoto huwezi kumuuliza, "Je, baba anapiga?" Atatazama miguu yake. Mpe karatasi, naye ataongea na karatasi.

Msichana mmoja alichora nyumba nzuri, yenye mlango mkubwa, sufuria, na moshi unaopanda. Watu hakuna.

"Watu wako wapi?" nikamuuliza.

"Wako nje, huku." Akaonyesha nyuma ya karatasi. "Wanangojea papa alale."

Nyuma ya karatasi kweli aliwachora, wanne, wamepangana kwa urefu, na mdogo wa mwisho alikuwa amefunikwa mdomo na mkono wa dada yake. Tangu siku hiyo kila karatasi naigeuza. Nawashauri na ninyi mnaofundisha katekisimu: geuzeni karatasi.

Hapo ndipo aliponijia Mama Feza. Yeye ni mtu wa Kirungu, kule juu milimani Moba. Ndoa ilimpeleka mbali, vita vikamleta Katanika. Alijua kwamba safari yetu itafika kwao.

"Mama Mwalimu, niko na mudogo wangu, Riziki. Bwana yake iko hapa Kalemie. Anamupiga. Mara mbili alikimbilia kwa papa yetu Kirungu na watoto, mara mbili wakamurudisha. Sasa iko kule tena, mara ya tatu. Watu wa bwana watapanda kumuomba. Nakuomba, ukifika, umwambie papa: safari hii asikubali."

Nilimweleza taratibu, kama mnavyonijua. Nilimwambia kwamba sisi ni watu wa kuuliza, si watu wa kubeba maneno kutoka nyumba hadi nyumba. Tukibeba neno lako leo, kesho nyumba nyingine zitasema tumetumwa, na hakuna atakayetufungulia mdomo. Hatuna upande.

Mama Feza alinitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani tu.

"Basi uwasalimie," akasema.

"Kusalimia nitasalimia."

Nikaona nimejibu vizuri sana. Kumbukeni hilo, kwa sababu litanirudia.

Kalemie hadi Niemba: siri za kijiji

Ya Niemba nitayasema haraka, ingawa yenyewe hayakwenda haraka. Pikipiki moja, watu watatu, mifuko miwili. Dereva alisema tutafika saa sita mchana. Saa sita tulikuwa tunasukuma pikipiki katika tope, yeye akituelekeza akiwa juu yake kwa sababu, alivyosema, mtu wa usukani lazima akae. Tulipofika jua lilikuwa linainama, na matope yalikuwa yamepanda hadi kwenye nywele za Anto. Watoto wa kijiji walituimbia.

Tulipokewa na Mama Kalunga, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye jiko kubwa kuliko nyumba. Kesho yake tulifanya kazi, na hapa lazima nieleze jinsi tunavyofanya, la sivyo hamtacheka mahali panapostahili.

Watu hawasemi mambo ya nyumbani mbele ya watu. Kwa hiyo kila mtu anapewa punje moja ya mahindi na punje moja ya maharagwe. Anaingia peke yake katika chumba. Ndani kuna sufuria iliyofunikwa kitambaa chenye tundu. Swali ni moja: "Mwezi huu, kuna mtu aliyepigwa nyumbani kwenu?" Kama ndiyo, unatia mahindi. Kama hapana, maharagwe. Punje inayobaki unatoka nayo ndani ya ngumi, unaitupia kuku. Hakuna anayejua ulichotia, hata sisi. Mwishoni tunahesabu. Ni njia nzuri, haina kalamu wala aibu, na wanaume wanaipenda kuliko wanawake.

Wanawake waliingia asubuhi, wanaume mchana. Mvua ikaja. Nikaiweka sufuria jikoni kwa Mama Kalunga isilowe, tukaenda shuleni kuagana na walimu. Tuliporudi tumelowa, tulikuta chakula. Chakula kitamu! Cha moto, mawese kidogo, pilipili kwa mbali. Anto alikuwa anaanza sahani ya pili alipoacha kutafuna.

"Mama Kalunga," akasema polepole, "hii mahindi na maharagwe, umetoa wapi?"

"Si ninyi njo mulileta? Niliona sufuria yangu imerudi jikoni na chakula ndani, nikasema, hawa wageni wako na adabu, wanakuja na chakula yao. Lakini haingetosha watu wote. Nikaongeza yangu."

Nikaongeza yangu! Kama asingeongeza, tungehesabu hata zilizoiva. Nilitazama sahani yangu. Siri za kijiji kizima, na nilikuwa nimezila nusu. Anto alicheka hadi akalazwa kwenye mkeka. Mama Kalunga alipoelewa, alishika kichwa kwa mikono miwili, akaita mume wake, akaita majirani, na kila aliyekuja alielezwa upya, akachungulia sufuria, akasema kwa huzuni: "Na mimi nilikula."

Siku ya pili yake tulirudia kwa vijiwe, vyeusi kwa ndiyo na vyeupe kwa hapana, na Mama Kalunga mwenyewe alikaa mlangoni na mwiko kulinda. Tulipomwaga vijiwe mkekani kuhesabu, alisimama juu yetu. Idadi sitawaambia, ni mali ya watu wa kule. Ila vyeusi vilikuwa vingi. Alivitazama kitambo, mwiko umeshuka, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

"Kumbe si mimi peke yangu."

Kwa neno hilo moja ningeisukuma tena ile pikipiki.

Wakati wa kuagana alinipa kuku jike mwekundu, kishingo, asiye na unyoya kuanzia kidevuni hadi mabegani. "Hii ni ya kuomba masamaha. Usimuchinje. Anataga. Akae kwako, ukimuona unikumbuke." Anto akamtazama yule kuku, jinsi alivyobeba kile kishingo chake kitupu kwa majivuno, akasema: "Huyu ni Madamu." Na Madamu likabaki kuwa jina lake.

Bandarini: dakika saba

Nilikuwa nimepanga kumwacha Madamu nyumbani nilipopita Kalemie. Lakini pikipiki ilikata mnyororo mara mbili, na tulipoingia mjini boti ya Moba ilikuwa imeshafungua kamba moja, na dakika saba tu zimebaki. Tulikimbia. Anto alikuwa na mifuko, mimi nikiwa na kuku kichwani mwangu kabisa, kwa sababu alijipandisha mwenyewe. Mwenye boti akapiga kelele: "Mama, na iyo kofia yako italipa!" Bandari yote ikacheka. Tuliruka ndani. Ndiyo sababu Madamu alikwenda Moba. Mtu asiniambie tena kwamba nilimchukua makusudi.

Ziwani: kesi ya yai

Boti ilikuwa ya mbao, imejaa mifuko ya chumvi, magodoro, mabati, na watu juu ya vyote hivyo. Tulikuwa tumepita mbali kidogo tu mashine ilipozimika. Fundi akaingia chini, akatoka, akaomba kijiko, akaingia tena. Ziwa lilikuwa limetulia kama kitanda kilichotandikwa. Tulikaa hapo muda wa kutosha kufahamiana wote: nani anakwenda mazishi, nani anakwenda kuoa, nani anasema anakwenda mazishi lakini amevaa kama anakwenda kuoa.

Ndipo Madamu akataga. Hakutagia kwenye kikapu chetu. Alijisogeza hadi kwenye mzigo wa Papa mmoja muuza magodoro, akajikuna, akajipanga, na mbele ya watu wote akamwachia yai godoroni. Halafu akatangaza kwa sauti kubwa.

"Yai limeanguka kwangu, ni yangu," akasema Papa wa magodoro.

"Papa, wewe njo ulitaga?" akauliza mama mmoja mjamzito aliyekuwa amekaa juu ya chumvi.

"Kuku ilipanga nyumba kwangu. Hiyo yai ni kodi yake!"

Boti iligawanyika. Wengine walisema yai ni la mwenye kuku, wengine la mwenye godoro, na mzee mmoja alisema ni la mwenye boti, akazomewa. Mimi nilikuwa radhi kuliacha, lakini Anto alikuwa ameshatoa kile kimfuko chetu cha mahindi na maharagwe.

"Tupige kura," akasema. "Mahindi, yai ni ya Papa. Maharagwe, si yake."

Tukafunika ndoo kwa kitenge. Nikawaeleza utaratibu, wakasikiliza kwa makini kuliko semina yoyote niliyowahi kutoa. Kila mtu aliingiza mkono, hata nahodha, na Papa wa magodoro aliingiza wa mwisho huku akitutazama kwa dharau. Tukafunua.

Maharagwe matupu. Hakuna hata punje moja ya mahindi.

Wote wakamgeukia, kwa sababu hata kichwa kigumu kingeelewa: yeye mwenyewe alikuwa ametia haragwe.

"Papa!" akasema yule mama mjamzito.

"Mama," akajibu akijifuta jasho, "ndani ya ndoo hakuna muntu anakuangalia."

Watu walipiga makofi hadi boti ikatikisika, na fundi chini akalalamika kwamba anapoteza skrubu. Yai alipewa yule mama mjamzito. Mimi nililiandika neno la Papa kwenye daftari langu, ukurasa mzima peke yake. Miaka yote nimekuwa nikijaribu kuwafafanulia wakubwa wa ofisi kwa nini tunafunika sufuria, na muuza magodoro amelisema kwa pumzi moja.

Mashine iliwaka. Usiku siusimulii, nililala.

Moba hadi Kirungu: baridi

Kutoka ziwani hadi Kirungu ni kupanda. Unaanza na jasho, unamaliza na sweta. Sehemu nyingine tulipanda pikipiki, sehemu nyingine miguu, katika vijia vinavyozunguka mlima kama vile havitaki kufika. Upepo wa kule unaingia hata mifukoni. Madamu, ambaye shingo yake mnaijua, alianza kutetemeka, nami nikamtia ndani ya sweta yangu, kichwa kikitokea kifuani. Watu tuliopishana nao walikuwa wakimtazama, wananitazama, halafu wanashusha macho kwa heshima. Mmoja alisema, "Pole na kazi, Mama." Nikamwambia Anto: angalia jinsi watu wa milimani walivyo na adabu.

Nilitaka kwanza kutoa salamu za Mama Feza, halafu tutafute pa kulala. Tukaulizia kwa Papa Kaomba, baba yake na Riziki. Waliotuonyesha njia walitusindikiza.

Kirungu: tunapokewa mno

Nyumba ya matofali, shamba la maharagwe mbele, ghala la viazi nyuma. Mama Elena, mke wa Papa Kaomba, alitoka akijifuta mikono. Nikamtoa Madamu kifuani.

"Mupokee kwanza huyu, Mama. Anatoka mbali, amechoka."

Alimpokea kwa mikono miwili huku amepiga goti. Nikaona, ah, kuku gani huyu anayepigiwa goti! Kisha akamtazama mume wake, mume akamtazama mdogo wake, Papa Deo, aliyekuwa akimenya muwa pale mlangoni. Papa Deo akaweka muwa chini.

Viti vililetwa, vile vizuri, vyenye vitambaa. Maji ya kunawa. Viazi vya moto. Papa Kaomba, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu aliyoivuta hadi kwenye nyusi, alikaa mbele yetu.

"Munatoka Kalemie."

"Eee, Papa, Kalemie."

"Na muko na neno."

"Tuko na neno, lakini letu ni la kuuliza tu."

"Njo vile inafanyikaga," akasema Papa Deo.

Nikawapa maelezo yangu, yale ninayowapa watu kila mahali, ninayoyajua kama Baba Yetu. Kwamba hatukuja kumhukumu mtu. Kwamba hatuna upande. Kwamba tunajua katika nyumba kuna maumivu, na tunayaheshimu. Kwamba tungependa kuongea na Riziki, kama mwenyewe atapenda, pamoja na watoto, na hakuna atakayelazimishwa.

Papa Deo alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hawa wanajua kusema. Si kama wale wa mara ya pili, wale walikuja wamelewa."

Nilivimba kwa fahari. Anto alinikanyaga mguu, nikadhani ananipongeza.

Mlango wa ndani ukafunguka. Riziki akatoka, mwembamba kama dada yake, mtoto mgongoni, na mkononi bonge la kitenge lililofungwa mafundo mawili. Hakuwa akilia. Alikuwa na uso wa mtu aliyepanga foleni muda mrefu, sasa zamu yake imefika.

"Niko tayari," akasema. "Mutoto mukubwa, Neema, alikuwa hapa sasa hivi. Nitamutafuta, twende."

"Twende wapi, dada?" nikauliza.

"Kwa bwana yangu. Si njo mumekuja kunichukua?"

Nilimtazama Anto. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa anacheka.

"Hapana! Nani amesema?"

"Kuku," akasema Riziki.

Akanieleza, naye aliponieleza nilitamani kiti kile kizuri kinimeze. Kwao, mke akikimbilia kwa wazazi, watu wa mume wanakuja na kuku jike, mzima. Wenye nyumba wakimpokea na kumpika, na pande mbili zikimla pamoja, neno limekwisha: mke anachukua mzigo wake anarudi. Kwetu sisi tuliotoka kaskazini ya ziwa, mgeni akishika kuku ni kuku tu. Watu wanawasha moto na kushukuru. Nilikuwa nimepanda mlima mzima, mchana kweupe, na kuku jike kifuani. Kila aliyenipisha njiani alijua ninakwenda kufanya nini, isipokuwa mimi. Mimi nisiye na upande. Mimi niliyekataa kubeba neno la Mama Feza, nilikuwa nimebeba la shemeji yake!

"Mama Elena yuko wapi?" nikauliza.

"Jikoni. Maji imeshachemuka."

Jamani, nilikimbia. Umri wangu mnaujua na magoti yangu mnayajua. Nilipita katikati ya maharagwe, Anto nyuma yangu, Papa Deo nyuma ya Anto akiuliza kama tumeumwa na nyuki. Jikoni maji yalikuwa yanatokota, kisu kiko juu ya gogo, na Mama Elena anazunguka huku na huku.

"Kuku imepotea," akasema. "Nilifunga mguu, nikageuka kutafuta chumvi, basi."

Tulitafuta. Nyumba nzima ilitafuta, kila mtu kwa sababu yake. Papa Deo aliingiza kichwa chini ya kitanda cha kaka yake akatoka na kiatu kilichopotea tangu mwaka jana. Anto alikuwa akiita "Madamu! Madamu!" na majirani watatu wakaja wakidhani kuna mgeni wa serikali aliyepotea.

Tukamsikia. Sauti ilitoka katika ghala la viazi. Tulipofungua, tulimkuta Neema, msichana wa miaka tisa hivi, amekaa juu ya kikapu kilichopinduliwa, mikono amekishika pande zote mbili kama anayezuia mashua isizame. Kikapu kikamkemea kwa kelele ya kuku.

"Toka hapo, mutoto," akasema Papa Deo.

"Sitoki."

Papa Kaomba alifika mwisho, kofia mkononi. Mama yake Neema alisogea, lakini mzee akamzuia. Akachuchumaa.

"Neema. Kwa nini umeficha kuku ya wageni?"

"Ikiliwa tunarudi."

"Nani alikuambia mambo ya kuku?"

"Hakuna. Naonaga." Akatazama viazi. "Mara ya kwanza mulikula, tukarudi. Mara ya pili mulikula, na mimi mukanipa paja. Nikala. Tukarudi, na papa akamuvunja mama mukono. Ni mimi. Sikupaswa kula."

Mnakumbuka swali letu: mtoto anabaki na nini? Nilikuwa nimelibeba kutoka Katanika hadi Niemba, hadi juu ya mlima. Lilikuwa limekaa hapo juu ya kikapu. Mtoto yule alikuwa amefanya hesabu zake peke yake, akapata kwamba mkono wa mama yake ulivunjwa na paja la kuku alilokula. Tangu hapo, mama yake alituambia baadaye, hakugusa kuku tena, na wao walidhani ni tumbo.

Nilipiga magoti nikamweleza. Ndiyo kazi ninayoiweza. Nilimwambia kwamba paja la kuku halivunji mkono. Mkono unavunjwa na aliyeuvunja. Nilimwambia mara tatu, polepole, naye akanisikiliza kwa mashaka, kama wanafunzi wazuri wanavyosikiliza.

"Na kuku hii?" akauliza.

Ikabidi nieleze na hilo, palepale ghalani, mbele ya wote: kwamba kuku hatoki kwa bwana wa Riziki, anatoka Niemba; kwamba alitolewa kwa kuomba masamaha; masamaha ya nini? Ya mahindi na maharagwe. Yalifanya nini? Yaliliwa. Nani aliyala? Nilipofika kwa Mama Kalunga kusema "nikaongeza yangu", Papa Deo alikaa chini juu ya viazi. Mama Elena aliinua kitenge akafunika uso, mabega yakitikisika. Riziki alicheka kwanza kwa pua, halafu kwa mdomo, halafu akashika ukuta, na mtoto mgongoni naye akacheka bila kujua cha kucheka. Neema peke yake alibaki mlinzi, lakini kona ya mdomo wake ilikuwa imeshamsaliti.

Papa Kaomba hakucheka. Alingoja tumalize.

"Mara mbili nilikula," akasema. "Ilikuwa tamu. Sikumuuliza muntu kitu." Akamgeukia binti yake. "Riziki. Wewe unasema nini?"

Riziki alitazama lile bonge la kitenge mkononi mwake kana kwamba lingemsaidia kujibu.

"Mimi sirudi, Papa."

"Na wenyewe wakija kweli?" akauliza Papa Deo kutoka kwenye viazi. "Wenye kuku yao?"

"Watakaa ku kiti. Watakunywa maji," akasema Papa Kaomba, akivaa kofia yake. "Kuku yao itashuka mulima na miguu yake."

Neema alimtazama babu yake muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akakifunua kikapu.

Kurudi

Tulikaa Kirungu siku tano, salamu za Mama Feza nikazitoa hatimaye, tukafanya kazi yetu kwa vijiwe. Sitawaficha, mlango wetu ulikuwa haufungwi, kwa sababu kilima chote kilitaka kuwaona wanawake waliokula utafiti, na waliokuja kucheka walibaki kusema mambo yao. Madamu nilimwachia Neema. Nilimtumia Mama Kalunga habari, naye akajibu kwamba huko ndiko alikokuwa anakwenda tangu mwanzo, mimi nilikuwa njia tu.

Katika kurudi, boti haikuharibika hata kidogo. Hakuna la kusimulia.

Nilikwenda Katanika moja kwa moja. Mama Feza alikuwa akipepeta unga.

"Ulisalimia?" akauliza.

"Nilisalimia."

"Na neno langu, hukulisema."

"Sikulisema. Nilibeba kuku."

Akaacha kupepeta. Nilimweleza kila kitu, na nilipomaliza, unga ulikuwa umemwagika nusu na hakujali.

Na jana, ndiyo maana naandika leo, Riziki alinitumia sauti kwenye simu. Watu wa bwana walipanda kweli, wanne, wasafi, na kuku mnono. Walipewa viti vyenye vitambaa. Walipewa maji, na bukari ya unga wa mahindi, na maharagwe, wakashiba. Walipoaga, Papa Kaomba mwenyewe aliwafungulia kuku wao kamba, akawakabidhi mzima, na Papa Deo akawasindikiza hadi barabarani ili wasisahau kitu.

Halafu simu ikakwaruza, mtu akainyang'anya, na sauti nyembamba ikasema kwa haraka:

"Mama Mwalimu, Madamu ametaga sita. Moja nimekula. Na chumvi."